Kujuana kwa kazi: Akiba ya mhudumu wa afya anayejitolea ng'ambo

Hapa kwetu neno kujuana lina harufu mbaya. Mtu akikosa kazi aliyostahili, husema imechukuliwa kwa kujuana. Mgonjwa akiruka foleni hospitalini, walio nyuma yake hunong'ona kwamba anajuana na daktari. Kwa hivyo muuguzi anayejiandaa kwenda kujitolea katika nchi ya kigeni akiambiwa ahakikishe amejuana na watu huko, huenda akadhani anafundishwa hila.

Lakini kuna kujuana kwa aina nyingine. Ni kule kwa mhudumu wa afya anayeweza kupiga simu saa tatu za usiku na kumuuliza mwenzake aliye ng'ambo ya mpaka: "Nina mgonjwa mwenye homa, hii ni wiki ya tatu. Malaria haionekani, na wengu umevimba. Ninyi huko hufanyaje?" Kujuana huko hakumnyang'anyi mtu nafasi yake. Humwongezea mgonjwa nafasi ya kupona.

Ikiwa wewe ni muuguzi, mkunga, afisa wa kliniki, daktari, mfamasia au mtaalamu wa maabara, na unafikiria kwenda kujitolea ng'ambo kwa mwaka mmoja au miwili, makala haya ni yako. Wakati ulipita ambapo kujitolea kulichukuliwa kuwa kazi ya Mzungu anayekuja kwetu. Shirika la VSO, lililoanzishwa Uingereza 1958 ili kupeleka vijana wa huko katika nchi nyingine, tangu miaka ya 2000 limewatuma Wakenya pia. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa kujitolea, ulioidhinishwa na Baraza Kuu 1970, ambao makao yake yamekuwa mjini Bonn, Ujerumani, tangu 1996. Umoja wa Afrika nao ulianzisha mpango wa vijana wa kujitolea 2010. Wakenya wamefanya kazi Sudan Kusini, Malawi, Sierra Leone, Liberia na kwingineko.

Taabu ni kwamba wengi hurudi na cheti, picha kadhaa na kilo chache zilizopungua mwilini. Fedha hawarudi nazo, kwa maana mtu anayejitolea hupewa posho ya kujikimu wala si mshahara wa kujengea nyumba. Baada ya miezi sita wale aliofanya nao kazi usiku na mchana amewasahau, nao wamemsahau. Akiomba kazi nyingine anaulizwa ni nani anayeweza kumshuhudia, anabaki kukuna kichwa. Huo ni mwaka mzima wa maisha uliopita bila kuweka akiba. Akiba ninayoizungumzia haikaguliwi na maafisa wa forodha uwanja wa ndege: ni watu.

Barua zilizozunguka Afrika

Ukidhani haya ni maneno ya kupamba ukurasa, fikiria kisa cha Denis Burkitt. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Hakuwa mtu wa kujitolea. Alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni. Lakini jinsi alivyofanya kazi yake ni somo kwa yeyote aliye mbali na kwao.

Mnamo 1957 mwenzake wa wadi ya watoto, Dkt Hugh Trowell, alimwita aje amtazame mtoto aliyekuwa na uvimbe kwenye taya zote mbili. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Haukupita muda akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo mjini Jinja. Daktari mwingine angeandika faili na kuendelea na zamu yake. Burkitt alichapisha karatasi zenye picha na maswali, akazituma kwa posta kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni katika sehemu nyingi za Afrika. Swali lilikuwa jepesi: je, ninyi mmeuona uvimbe huu?

Majibu yakaja, na ramani ikaanza kujichora yenyewe. Mnamo 1961, pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari ya wiki kumi kwa gari kuukuu, maili 10,000 hivi, wakazuru zaidi ya hospitali 50 kuelekea kusini mwa bara. Waliketi na madaktari na wauguzi wa vijijini, wakauliza, wakaandika. Ikabainika kwamba ugonjwa huo ulifuata maeneo yenye joto na mvua, kule kule ambako malaria hutesa watoto.

Mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alikuwa likizoni Uingereza akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Katika ukumbi alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Walizungumza baada ya mhadhara, na tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mnamo 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tazama mnyororo huo. Mwenzake wa wadi, madaktari wa misheni wasiojulikana na mtu, wenzake wawili wa safarini, kijana mmoja aliyeketi ukumbini. Ukikata pete moja, mambo yote yanachelewa. Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, niongeze hapa hapa: saratani hiyo ingali inaonekana kwa watoto wa magharibi mwa Kenya na pwani, na inatibika mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema. Taya ya mtoto ikivimba haraka haraka na meno kulegea, usimng'oe meno ukangoja. Mpeleke.

Hata huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo ni Amref, ilizaliwa kwa kujuana kwa namna hii. Michael Wood na Thomas Rees walikuwa wamejifunza upasuaji wa kurekebisha viungo kwa Archibald McIndoe, aliyepata sifa katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza, kwa kuwatibu marubani walioungua vitani. Mwalimu na wanafunzi wake wawili wakaanzisha huduma hiyo Afrika Mashariki 1957. Hakuna tangazo la kazi lililowakutanisha.

Ugonjwa usiojua mpaka

Labda utasema hayo ni ya madaktari wakubwa. Basi tuje kwa muuguzi wa kituo cha afya Baringo au Pokot Magharibi.

Huko kuna ugonjwa wa kalaazari. Huenezwa na kidudu kidogo kuliko mbu kiitwacho usubi. Mgonjwa huwa na homa isiyokoma kwa wiki nyingi, hukonda, damu hupungua, na wengu, au bandama kama wengine wanavyouita, huvimba hadi tumbo likachomoza. Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Ugonjwa huo uko pia Sudan Kusini, Sudan, Ethiopia na Uganda. Wapokot wanaishi pande zote mbili za mpaka, na wagonjwa kutoka Kenya wamekuwa wakivuka kwenda kutibiwa katika hospitali ya Amudat upande wa Uganda. Usubi nao hauna pasipoti.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa sindano kila siku kwa siku 30. Fikiria mfugaji akilala hospitalini mwezi mzima huku mifugo wake wakiwa hawana mchungaji. Wengi walitoroka. Mnamo 2003 watafiti, madaktari na maafisa wa wizara kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan walikutana Khartoum na kuunda ushirika wa kuchunguza ugonjwa huo kwa pamoja, unaojulikana kwa kifupi kama LEAP. Walijaribu dawa zile zile kwa utaratibu ule ule katika hospitali za nchi zao. Matokeo yakawa tiba ya sindano mbili pamoja kwa siku 17 badala ya 30, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa Afrika Mashariki 2010.

Nchi moja peke yake isingepata wagonjwa wa kutosha kufikia jawabu hilo upesi. Kwa hivyo ukiwa muuguzi wa Baringo, ukapata nafasi ya kujitolea Sudan Kusini, usiende ukidhani umeiacha kazi yako. Unakwenda kukutana na ugonjwa wako mwenyewe ukiwa katika wadi nyingine. Yule afisa wa kliniki wa huko aliyetibu kalaazari mamia ni mtu unayemhitaji maisha yako yote. Je, utakuwa na namba yake ukirudi?

Kabla ya kufunga mizigo

Mambo mengi huharibikia nyumbani kabla ya ndege kuruka. La kwanza ni leseni. Baraza la Wauguzi, baraza la madaktari na lile la maafisa wa kliniki huandika barua za kuthibitisha kwamba wewe ni mwanachama halali usiye na kesi ya nidhamu. Nchi unakokwenda huenda ikataka barua hiyo itoke barazani moja kwa moja, isipitie mikononi mwako. Jambo hili huchukua muda, na mtu asiye na leseni ya kule hawezi kujuana na yeyote wadini, kwa sababu wadini hataingia. Uliza pia jinsi utakavyohesabiwa alama za masomo ya kuendelea, kwa kuwa utazihitaji unapofanya upya leseni yako.

La pili ni ruhusa ya mwajiri. Tangu 2013 wahudumu wengi wa afya ya umma wako chini ya serikali za kaunti. Ikiwa wewe ni mmoja wao, omba likizo bila malipo kwa maandishi, na ungoje jibu la maandishi. Neno la mkubwa aliyekuambia kwenye veranda kwamba "nenda tu, hakuna shida" halitakusaidia. Mkubwa huyo huhamishwa, na jina lako hufutwa kwenye orodha ya mishahara ukiwa Juba.

La tatu: tafuta aliyekutangulia. Uliza shirika linalokutuma ni nani aliyekuwa katika kituo hicho kabla yako, na uombe kuzungumza naye. Atakuambia yasiyoandikwa katika mkataba: kwamba metroni hapendi kupigiwa simu Ijumaa, kwamba fundi wa jenereta ndiye mtu muhimu kuliko wote, kwamba mganga mkuu ni mwema lakini hataki kushtukizwa mbele ya wageni. Huyo naye ni mtu wa kwanza katika daftari lako la kazi.

Na neno la tahadhari. Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote ya kuandikishwa. Mtu akikuambia umtumie pesa ili jina lako lipitishwe huko, mwache na simu yake. Yako mashirika mengine ambayo hudai mjitoleaji agharimie safari yake. Hayo yachunguze kwa makini kabla ya kuuza ng'ombe.

Ni nani wa kujuana naye?

Makosa yanayowapata wengi ni kukimbilia wakubwa. Mtu hufika mji mkuu, akahudhuria semina hotelini, akakusanya kadi thelathini za wakurugenzi na wafadhili, akajiona amefaulu. Kadi hizo hubaki kadi. Mkurugenzi hukutana na wajitoleaji mia kwa mwaka, naye hubadilisha kazi kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Watu wa kukufaa ni wale mnaopokezana zamu. Muuguzi mwenyeji aliyekuona ukimsafisha mgonjwa bila kukunja uso atakukumbuka kwa miaka. Mtaalamu wa maabara aliyekuona ukishuka mwenyewe kuuliza matokeo badala ya kumfokea kwa simu atakutafutia jibu siku nyingine ukiwa nchi nyingine. Mtunza stoo na dereva wasidharauliwe. Dereva wa gari la wagonjwa anazijua barabara, vituo vya afya, na ofisi zote za wilaya. Akikutambulisha mahali unapokewa kama mtu wa nyumbani. Na hao vijana wa leo ndio watakaokuwa wakuu wa wilaya na wa wizara baada ya miaka kumi.

Katika nchi zenye dharura, mashirika ya afya hukutana mara kwa mara chini ya uongozi wa Shirika la Afya Duniani au wizara, utaratibu uliowekwa tangu 2005. Ukipata nafasi ya kuketi humo, usiende kunywa chai tu. Nenda na ukurasa mmoja: wagonjwa wangapi, dawa gani imekwisha, nini kimesaidia. Mtu anayeleta hesabu safi kila mwezi hujulikana na meza nzima bila kujitangaza. Ni afadhali hivyo kuliko kusimama na kutoa hotuba.

Salamu zina kazi yake. Freetown, watu wanaozungumza Kikrio husalimiana kwa kuulizana "Aw di bodi?", yaani mwili u hali gani, salamu inayomfaa kabisa muuguzi. Malawi utasikia "Muli bwanji?" Jifunze maneno hayo katika wiki ya kwanza. Ukienda mashariki mwa Kongo utafurahi kukuta Kiswahili, lakini usijitape. Kiswahili cha Goma na Beni kina mwendo wake, nao hutia Kifaransa pale ambapo sisi hutia Kiingereza. Uliza mara mbili kabla ya kumpa mgonjwa dozi.

Jingine ni kukaa na Wakenya wenzako tu. Ni jambo la kueleweka. Jioni ni ndefu, ugali unapikwa, habari za nyumbani zinasemwa. Upweke ng'ambo ni ugonjwa wa kweli, unaoleta kukosa usingizi, hasira za ovyo na ulevi, na marafiki wa kwenu ni dawa. Lakini ukifanya hivyo kila siku utarudi ukiwa umejuana na watu ambao ungeweza kujuana nao Nakuru. Jumapili moja kati ya mbili kubali mwaliko wa mwenyeji.

Mafunzo ya Ebola

Kujuana kwa namna hii kulijaribiwa na Ebola. Mlipuko wa Guinea, Liberia na Sierra Leone wa 2014 hadi 2016 uliambukiza zaidi ya watu 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Miongoni mwa waliokufa kulikuwa na wahudumu wengi wa afya, akiwemo Dkt Sheik Umar Khan wa hospitali ya Kenema, Sierra Leone, aliyeaga dunia Julai 2014 baada ya kuambukizwa akiwatibu wagonjwa. Umoja wa Afrika uliunda kikosi cha kujitolea Agosti mwaka huo, na nchi mbalimbali zikatoa watu, zaidi ya 800 kwa jumla. Wakenya waliondoka mwanzoni mwa 2015 kwenda Liberia na Sierra Leone.

Ndani ya kituo cha Ebola hakuna aingiaye peke yake. Huvaa mavazi ya kujikinga huku mwenzako akikutazama kila kifungo, na unapoyavua, hatua iliyo hatari kuliko zote, kuna mtu anayekuelekeza polepole, mkono huu, sasa ule. Uhai wako uko machoni pake. Watu waliovishana hivyo, Mkenya na Mnigeria, Mwethiopia na Mliberia, hawasahauliani kwa urahisi. Kutokana na kazi hiyo, Umoja wa Afrika ulizindua kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, mjini Addis Ababa Januari 2017, kikiwa na kikosi chake cha wahudumu wa kujitolea. Ebola ilipozuka Kongo 2018, kulikuwa tayari na orodha ya watu wa kuitwa. Aliyejulikana kwa kazi yake aliitwa.

Mipaka isiyovukwa

Kuna mambo yanayovunja kujuana mara moja. Kuwaomba wageni kazi katika wiki ya kwanza ni mojawapo. Kupiga picha za wagonjwa na kuwatumia marafiki ni jingine, nalo ni baya zaidi. Ukiomba ushauri kwa mwenzako kwa WhatsApp, eleza umri, dalili na matokeo ya maabara. Jina, uso na namba ya faili viache hospitalini. Sheria yetu ya kulinda habari za watu binafsi ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa za siri zaidi, na hata kusingekuwa na sheria, mgonjwa hakukupa uso wake uusambaze.

Usitoe ahadi. Mjitoleaji mwenye huruma huona wadi isiyo na kipimo cha shinikizo la damu akasema, "Nikirudi Nairobi nitawatumia." Baada ya mwaka hakuna kilichofika, na anayefuata kutoka Kenya anapokewa kwa baridi. Sema, "Nitauliza," kisha uulize kweli, na uwape jibu hata kama ni la hapana.

Akina dada nao wana lao. Mkubwa anayesisitiza kwamba mazungumzo ya kazi yafanyike hotelini saa mbili za usiku hataki mazungumzo ya kazi. Mwambie utakuja ofisini kesho asubuhi pamoja na mwenzako. Kama ana nia njema hatakasirika, na kama atakasirika umejua mapema. Mashirika yanayotuma watu huwa na mtu wa kupelekewa malalamiko kama hayo. Litafute jina lake kabla hujalihitaji.

Ukiandika ripoti kuhusu kazi mliyofanya, weka jina la mwenyeji mliyeifanya naye. Wako wageni waliokusanya hesabu za hospitali za watu, wakazichapisha kwa jina lao peke yao, na wenyeji wakazisoma baadaye kama habari za mbali. Sisi Wakenya tumefanyiwa hayo, tusiyafanye.

Siku za mwisho na baada yake

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, omba barua ya ushuhuda. Usingoje siku ya karamu ya kuagana, wakati mganga mkuu yuko safarini na muhuri umefungiwa kabatini. Barua nzuri haisemi tu kwamba ulikuwa mwema na mchapakazi. Husema ulifanya nini: ulizalisha akina mama wangapi, uliwafundisha wauguzi wangapi kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, ulisimamia wadi ya vitanda vingapi. Hesabu hizo unazo wewe, kwa hivyo mpe anayeandika. Iwe na tarehe, saini, cheo na muhuri.

Daftari lako nalo lisiwe la namba tupu. Andika kando ya kila jina mtu huyo anafanya kazi gani, anajua nini kuliko wengine, mlikutana wapi, na una deni gani kwake. Namba za simu hubadilika, hasa katika nchi zenye vita, basi chukua na anwani ya barua pepe na jina la mtu wa pili anayeweza kumpata. Lipige chapa daftari hilo mara mbili. Simu ikianguka mtoni haitazama na mwaka wako wote.

Ukifika nyumbani, andika barua fupi kwa kila uliyefanya naye kazi kabla mwezi haujaisha. Si lazima iwe ndefu. Mwambie umefika, mgonjwa fulani mliyemhangaikia bado unamfikiria, na muulize swali moja la kazi ili naye apate sababu ya kujibu. Baadaye, mara mbili kwa mwaka yatosha. Mtumie mwongozo mpya wa tiba ukitoka, au habari ya kozi anayoweza kuiomba. Vyama vya taaluma pia husaidia kushika uzi huo. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, na kile cha wauguzi na wakunga, ECSACON, huwakutanisha watu wa nchi hizi, na ukikutana na mwenzako wa Blantyre katika mkutano mmoja, mnaendelea palipoachwa.

Kisha nenda kwa mkuu wako wa kaunti ukiwa na ukurasa mmoja wa yale uliyojifunza ambayo yanaweza kufanyika hapa. Omba nusu saa katika mkutano wa asubuhi wa hospitali yako uwaeleze wenzako. Utakutana na wenye kijicho, watakaouliza ni dola ngapi ulileta. Waache wacheke. Mgonjwa mwenye homa ya wiki tatu akija, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, hao hao watakuja mlangoni kuuliza kama ile namba ya Juba bado inapatikana. Waite waketi, uipige pamoja nao, na kila mmoja aiandike katika daftari lake.